Kiondo Hakirudi Kitupu

Sijui alizaliwa wapi, wala watu wao walishuka kutoka mlima gani, na sikuwahi kuuliza. Mimi nilimjua kwa koti na kwa kiondo. Wiki nzima alikuwa nyapara wetu pale kiwanda cha makadamia, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka kooni, kofia nyeupe, macho mezani. Jumamosi jioni ukimwona anashuka njia ya kijiji, kamba ya kiondo kichwani na shingo ya termosi inachungulia, ulijua kuna mwenzetu amejifungua. Ulijua pia, ingawa hakuna aliyetamka, kwamba Jumatatu kutakuwa na sura ngeni pale mezani.

Huku kwetu Meru mzazi hupelekewa ucuru, ule uji wetu mchachu, ili maziwa yashuke. Na chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Amekuletea uji, wewe unamtilia ndizi, mayai, viazi, chochote kilicho ndani ya nyumba. Mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Nyapara alijua kuliko sisi wote.

Alikuwa na misemo yake, na ukiniamsha usingizini ninaweza kukutajia yote. Tukichelewa chooni: "Kazi ni kama choo cha stendi. Ukitoka, mwingine ameshaingia." Mtu akilalamika mgongo: "Mgongo ni wako, njugu ni za mwenyewe." Na ule aliousema mara nyingi zaidi, ule ninaouchukia mpaka leo: "Mkanda haunyonyeshi."

Mkanda ndio uliokuwa unatuletea njugu. Zinavunjwa maganda na mashine upande ule, zinakuja kwetu zikitembea, nyeupe kama meno, na sisi tumesimama huku na huku tunachambua: nzima huku, zilizopasuka kule, zilizooza kwenye ndoo. Kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya jioni tumesimama. Hakukuwa na kiti hata kimoja katika ukumbi ule. Nyapara mwenyewe hakukaa. Githeri yake, yale mahindi na maharagwe, alikula amesimama, mgongo ukutani, mkebe mkononi, kijiko kinatembea huku macho yanatutazama. Mama Mutuma, aliyesimama karibu nami na ambaye Mungu alimnyima breki za mdomo, alisema, "Huyu hata kaburini watamzika wima. Watachimba kisima."

Lakini nikiwa na mimba ya Kendi, mwezi wa saba, miguu imejaa kama viazi vikuu, ni yeye aliyenijia kwa nyuma na kuninong'oneza, "Enda stoo uhesabu magunia."

"Magunia gani?"

"Yale ya nyuma. Uyahesabu ukiwa umelala."

Nikalala juu ya magunia matupu, yeye amesimama mlangoni kama askari. Meneja alipopita nilimsikia akimwambia kwamba amenituma kazi. Aliniamsha kwa ncha ya kiatu, akanifuta vumbi mgongoni, na mbele ya wenzangu akanigombeza kwamba mimi ni mvivu. Huyo ndiye mtu ninayemwandika. Ukitaka mbaya kamili, tafuta kwingine. Ukitaka mzuri, hapa pia hayuko.

Alikipenda kile kiwanda kama mtu anavyopenda ng'ombe aliyemnunua akiwa ndama. Alianza hapo kikiwa banda la mabati na matope hadi magotini. Aliona lami ikifika, stima zikiwaka, maduka yakiota kando ya barabara. Hata vyumba vya kupangisha wanafunzi kule Nchiru, alisema, vingi vilijengwa na watu waliouza makadamia hapo langoni. Alisomesha kijana wake hadi chuo kikuu kwa kazi hiyo. Kwa hivyo mwanasiasa alipokuja kuzindua jengo jipya, akasimama jukwaani akasema kiwanda kimetuletea maendeleo, sisi wengine tulipiga makofi kwa sababu ya soda. Yeye alipiga makofi na machozi yanamtoka.

"Nyinyi watoto hamjui," alituambia kesho yake. "Kabla ya hiki kiwanda mlikuwa mnaenda kuchuma kahawa ya watu na mtoto mgongoni, mvua inawanyeshea wote wawili."

"Angalau mtoto alikuwa mgongoni," nikamjibu.

Alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Akaokota njugu mbovu mbele yangu, moja niliyoipitisha, akaitupa kwenye ndoo na kuendelea kutembea.

Nilisoma mpaka Kidato cha Nne. Tulifundishwa darasani kwamba mfanyakazi ana haki, kwamba mama akijifungua hupewa likizo yenye mshahara na kazi yake humngojea. Nilipata alama nzuri katika swali hilo. Sasa wale waliotunga hilo swali hawakuniambia kwamba haki huulizwa langoni, na mlinzi. Sisi hatukuwa na barua ya kuajiriwa. Hatukuwa na kadi. Tulikuwa na koti la buluu. Koti ndilo lilikuwa kazi yenyewe. Ukiwa nalo mlinzi anakupisha. Ukiwa huna, wewe ni mpita njia.

Kuna siku moja kiwandani ambayo tulikaa kwenye viti. Walikuwa wanakuja wageni, wanunuzi wa ng'ambo, wanaotaka kuona njugu zao zinatoka wapi na kama wafanyakazi wanatunzwa. Tulisugua kuta. Asubuhi lori likaja na viti vyeupe vya plastiki, vile vinavyokodishwa kwa matanga, jina la mwenye mahema limeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu. Tukaambiwa kaeni. Hatukujua kuchambua tumekaa. Mikono ilikuwa haifiki, magoti yanagonga chuma. Mama Mutuma akaguna, "Leo tunazikwa tukiwa wazima," na tukacheka hadi njugu mbovu zikapita bila mtu kuziona. Nyapara peke yake ndiye hakukaa. Aliwekewa kiti, akakiwekelea kofia yake ya akiba, akasimama karibu nacho.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye uso mwema, aliuliza kupitia kwa meneja: hawa akina mama wakijifungua, huwa mnawafanyia nini? Meneja alimtazama Nyapara. Nyapara ndiye aliyejibu.

"Tunawatembelea nyumbani. Tunawapelekea uji."

Ikatafsiriwa. Yule mama mgeni akaweka mkono kifuani. Aliguswa kabisa, maskini. Jioni lori lilirudi kuchukua viti.

Usifikiri alikuwa mwoga. Karimi, msichana wa upande wa mashine, alipobanwa vidole na kivunja maganda, meneja alisema afungwe kitambaa angoje dereva wa kiwanda arudi kutoka mjini. Nyapara alimwongoza Karimi hadi kwenye gari la meneja mwenyewe, akamweka kiti cha mbele, damu ikachirizika juu ya ile ngozi nzuri, kisha yeye akaingia nyuma na kufunga mlango. "Mimi sitoki," alisema. "Ukitaka nitoke, endesha hadi hospitali, nitatokea huko." Meneja akaendesha. Karimi alipoteza kidole kimoja, akabaki na vingine, na akabaki na kazi. Tulilizungumza jambo hilo miezi mingi. Nilipokaa nyumbani baadaye nikilipindua kichwani, nikaona hivi: damu aliipigania. Maziwa hakuyapigania. Labda kwa sababu damu ilionekana sakafuni, na maziwa yalitulowesha vifua ndani ya nguo, nyumbani, mahali ambapo mashine haikusimama.

Alikuja kwangu Jumamosi. Baba Kendi alikuwa Isiolo kwenye kazi ya mjengo, mama yangu alikuwa mgonjwa kule Laare, na mimi nilikuwa peke yangu na mtoto mchanga katika chumba kisichokuwa kimefagiwa tangu nirudi hospitali. Alivua viatu mlangoni. Akaosha mikono hadi kwenye viwiko kama tulivyofundishwa kiwandani. Akamchukua Kendi, akafungua ngumi zake ndogo, akavitazama vidole kimoja kimoja.

"Huyu ana vidole vya kuchambua."

"Huyu hataenda kuchambua."

Akacheka polepole. "Hata mimi nilisema hivyo nikiwa na wangu."

Akanimiminia uji, nikanywa, akanimiminia tena. Akafua nguo za mtoto. Akafagia chini ya kitanda, akiinama na ile miguu yake iliyosimama miaka yote. Akanichemshia maji, akanikanda mgongo kwa kitambaa cha moto, na mimi nililia kama mjinga kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kwa upole tangu uchungu uanze. Nasema ukweli hata kama unaniuma: jioni hiyo nilimpenda kuliko mama yangu.

Kisha akasimama, akachukua kiondo chake. Hakutoka.

"Mwanangu, kiondo," alisema, taratibu, kama mtu anayekukumbusha sala.

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na ndizi. Hakukuwa na yai. Unga ulikuwa wa kukung'uta. Aibu iliyonishika hapo, mtu wa mbali hawezi kuielewa. Mtu mzima amekufulia nepi, halafu atembee kijiji kizima na kiondo kinaning'inia kitupu, kila mtu aone kwamba nyumba aliyotoka ni nyumba ya watu wasio na adabu. Nilitaka ardhi inimeze na kitanda changu.

Macho yake yakaenda kwenye msumari ukutani.

"Basi nitilie hilo koti. Si limekaa tu? Nitakutunzia, panya wasilile."

Nililikunja mwenyewe. Nikalitia mwenyewe. Nikamwambia asante.

Maziwa yalipotulia nilimwachia jirani mtoto nikarudi kazini. Mlinzi akauliza koti liko wapi. Nikasema liko kwa nyapara, na akaitwa. Akaja hadi langoni, akasimama upande wake wa chuma, mimi upande wangu.

"Mama Kendi, kaa na mtoto."

"Nimekuja kazi. Nipe koti langu."

"Mkanda haunyonyeshi."

"Nina haki ya kurudi. Sheria inasema."

"Sheria iko Nairobi, mwanangu. Hapa kuna mkanda."

Nyuma yake wasichana walikuwa wanapita kuingia ukumbini. Mmoja alivaa koti langu. Nilikuwa nimeshona kifungo cha juu kwa uzi mwekundu, kwa sababu ndio nilikuwa nao, na uzi ule ulinipita karibu kiasi cha kuukamata. Yule msichana alinisalimia kwa adabu. Hakujua. Na Nyapara, kabla ya kugeuka, alipitisha mkono katikati ya vyuma akanirekebishia kola ya sweta, kama mama anayempeleka mtoto shule.

Nilimtukana. Sitaandika hapa nilivyomwita. Alisikia yote, akitembea, na hakugeuka.

Siku hizi nina kibanda Nchiru, nawauzia wanafunzi wa chuo chapati na maharagwe. Wanapokula wanajadili uchumi, sijui ukuaji, sijui ajira kwa vijana, na maneno yao ni mazuri kweli. Mimi nasukuma chapati nikiwa na Kendi miguuni na najiuliza, katika huo ukuaji wao, sisi tuliosimama tumewekwa ukurasa gani. Lami ipo, sikatai. Naikanyaga kila siku. Stima ipo. Nani aliyesema sitaki maendeleo? Ninachouliza ni kwa nini yalipitia juu ya mwili wangu na yakakataa kusimama hata niinuke.

Baadaye kiwanda kilileta mashine yenye jicho. Inazitazama njugu zikipita na kuzipuliza zilizo mbovu kwa upepo, na haipati mimba. Meza nyingi ziliondolewa. Akaletwa nyapara mpya, kijana mwenye diploma, na yule wetu akaagwa kwa keki na soda. Mama Mutuma, aliyekuwa bado hapo, ndiye aliyenisimulia. Alisema meneja alitoa hotuba kwamba bila mama huyu kiwanda kisingekuwa hapo kilipo. Kisha akamwambia koti la kijivu anaweza kubaki nalo, iwe zawadi.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema asante. Angesemaje? Alikuwa amesimama na keki mkononi."

Mama Mutuma alipopunguzwa pia, breki za mdomo ndizo zikaisha kabisa. Alitukusanya, sote tuliowahi kuletewa uji, tukaenda ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, mjini Meru. Mimi ndiye niliyesukumwa mbele niongee. Afisa alitusikiliza, akapiga simu, akatujibu kwamba kiwanda kinasema hakijamfuta kazi mama yeyote. Akina mama waliacha kazi kwa hiari yao. Makoti walirudisha wenyewe.

"Mlirudisha ama hamkurudisha?" akauliza.

Ningemwambia nini? Niliyekunja ni mimi. Niliyetia ni mimi. Hata asante nilisema. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema tukimpata mtu aliyekuwa anayakusanya, aseme kwa mdomo wake ilivyokuwa, mambo yatakuwa mengine. Bila hivyo, ni maneno yetu na yao.

Kwa hivyo nilipika ucuru. Niliuchachisha vizuri, nikautia kwenye termosi, termosi kwenye kiondo, nikamfunga Kendi mgongoni na kupanda kwake.

Ilikuwa Julai, ule ukungu wetu unaolala hadi saa sita. Nyumba yake ni ya mawe, haijapigwa plasta, madirisha mengine yamezibwa na mabati. Alifungua mlango akiwa amevaa lile koti la kijivu, limefungwa vifungo mpaka kooni. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa imefungwa bendeji, mishipa imejitokeza juu yake kama mizizi ya mgumo.

Akatazama kiondo. "Hapa hakuna mzazi."

"Nimekuletea wewe."

"Mimi sinyonyeshi."

"Kunywa tu, Mama. Hata sisi ulituletea."

Akanikaribisha nikakaa. Viti vilikuwa vizuri, vimefunikwa vitambaa vya kufuma, vimepangwa kuzunguka meza, safi kama vya mtu asiyetembelewa. Yeye alinywa amesimama, mgongo ukutani. Alimuuliza Kendi jina, Kendi akajificha kifuani mwangu. Nikaona afadhali niseme kabla moyo haujalegea.

"Tunataka uje mjini, kwa leba. Useme meneja alikutuma uchukue makoti."

Alimaliza kikombe chote kwanza.

"Hakunituma."

"Mama, mimi si mtoto."

"Alisema, 'Sitaki wanaonyonyesha pale mezani. Panga vile unajua.' Basi nikapanga. Sikutaka mfukuzwe langoni kama mbwa, mbele ya watu. Nikasema afadhali nije mwenyewe, mtu akiwa ameshiba. Kiondo kilikuwa changu, mwanangu. Hakuna aliyenifundisha kiondo."

"Basi sema hivyo hivyo. Hayo tu."

"Nikisema, mke wa kijana wangu atarudi nyumbani kesho. Ndiye amebaki pale kiwandani. Ndiye anatulisha, mimi na mume wake na ile digrii yake."

"Na si ana mimba? Mama Mutuma alisema ana mimba."

Akakiweka kikombe mezani.

"Akijifungua, ni nani atamletea uji?"

Nilitaka imuume, na ilimuuma. Alitazama vile viti vyake kama vinaweza kumjibia. Halafu akatikisa kichwa, mara moja, na nikajua nimeshindwa na kazi yetu sote imeshindwa nami. Nikainuka, nikamfunga mtoto, nikachukua termosi yangu.

"Ngoja," alisema. "Kiondo."

"Wacha tu."

"Hakirudi kitupu."

Akaingia jikoni. Nilimsikia akifungua sufuria, akifunga. Akatoka nyuma kwenye migomba, akarudi mikono mitupu. Baridi ilikuwa imeichoma. Alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe akitazama huku na huku, na aibu ile niliifahamu. Niliwahi kuivaa.

Akaanza kufungua vifungo. Alilivua koti, akalilaza mezani, akalikunja kama alivyotufundisha, mikono ndani, kola nje. Akalitia kwenye kiondo changu.

"Haya," alisema. "Hata mimi nimerudisha kwa hiari."

Sikujua kama ananipa ushahidi au ananipa nimwondokee. Sikuuliza. Nilichojua ni kwamba mtu hakatai kilichotiwa kwenye kiondo chake, na mdomo wangu ukasema asante kabla mimi sijafikiri.

Nilikuwa nimefika barabarani, kwenye lami, nilipohisi joto mgongoni mwa mkono wangu, pale kiondo kilipoegemea. Lilikuwa joto lake. Nikageuka. Ukungu ulikuwa umeshuka zaidi, lakini mlango haukuwa umefungwa. Alikuwa bado amesimama pale, na gauni jembamba, amejikumbatia kwa mikono yake miwili, na nyuma yake viti vyake vyote havikuwa na mtu.